Nguo Huvaliwa: Kanga na Buibui Mbele ya Mchoraji wa Rangi za Maji

Ukipita kwenye maduka ya picha ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, ya Lamu au ya Mombasa, utamkuta mwanamke yuleyule. Amevaa buibui, yumo kwenye kichochoro chembamba chenye kuta nyeupe, mlango wa nakshi uko kando yake, naye amempa mgongo anayemtazama. Picha hizo zikichukuliwa kuwa ushahidi, basi wanawake wa Lamu wamekuwa wakielekea mahali fulani miaka nenda miaka rudi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kugeuka. Pembeni ananing'inia mwenzake aliyejitanda kanga. Kanga yenyewe ni doa jekundu, doa la manjano na vidoti vyeupe vilivyorushwa kwa ncha ya brashi. Ni kanga gani? Mnunuzi hakuuliza, na mchoraji naye, inaelekea, hakujiuliza.

Si kwamba picha hizo ni mbovu. Nyingi zimetoka kwenye mikono inayoijua kazi: jua la saa nne asubuhi liko mahali pake, baraza lina kivuli chake cha ubaridi, ukuta wa chokaa unaonekana umeliwa na chumvi ya bahari. Kasoro iko kwenye nguo. Ukuta umechunguzwa kuliko kanga, na mlango umepewa heshima kuliko buibui. Ajabu yake ni kwamba mlango hausemi neno, ilhali kanga imeandikwa.

Hoja ya makala haya ni nyepesi kuitamka na nzito kuitimiza. Anayechora vazi la jadi la mwanamke hana budi kuanza na namna linavyovaliwa. Nakshi na rangi zije baadaye. Rangi za maji humsaidia sana mchoraji aliyeifuata njia hiyo, na humuumbua upesi aliyeikwepa.

Tuanze na kitambaa. Kanga, au leso kama wasemavyo Mombasa, huuzwa kwa doti, vipande viwili vilivyoungana ambavyo mwenyewe huvikata na kuvipinda. Kila kipande kina upana wa sentimita 150 hivi na kimo cha sentimita 110 hivi. Pindo huizunguka pande zote nne, mji uko katikati, na jina, yaani maandishi, hukaa sehemu ya chini ya mji. Hayo yote mchoraji huyaona kanga ikiwa imetandazwa dukani. Bahati mbaya hakuna mwanamke anayevaa kanga iliyotandazwa.

Mwilini kanga hugeuka kulingana na shughuli. Ile ya asubuhi nyumbani huzungushwa kifuani, ikabanwa chini ya makwapa, ikasokotwa na kuchomekwa. Mikunjo yote huanzia kwenye msokoto ule na kuteremka mshazari. Ya kibwebwe hukunjwa kwa urefu na kukazwa kiunoni, kwa hiyo huuoni mji wala jina, unaona matabaka ya pindo yaliyolaliana. Ya mbeleko huvutwa na uzito wa mtoto: inapopita chini ya makalio yake imekazika bila mkunjo hata mmoja, na mikunjo yote imekimbilia mbele, kwenye fundo. Ushungi huanguka kutoka utosini na kupokewa na mabega. Ngata ni kanga iliyosokotwa na kuviringwa, kisha ikakaliwa na ndoo. Mwanamke mmoja anaweza kuzipitisha kanga zake kwenye hali zote hizo kati ya asubuhi na magharibi. Mchoraji asiyezijua huwa na mfungo mmoja kwa shughuli zote, na mchota maji wake huonekana kama anakwenda harusini.

Kuna pia umri wa kitambaa. Kanga mpya hutoka dukani na wanga wake, ngumu, na mikunjo yake huvunjika kwa pembe. Iliyofuliwa mara nyingi hulainika na kuufuata mwili. Kwa mwenye rangi za maji hiyo ni tofauti ya kiufundi hasa. Kanga mpya inataka kingo kali, yaani rangi juu ya karatasi kavu. Kanga kuukuu inataka karatasi bado mbichi, rangi iachiwe itambae kidogo na kingo zilegee. Anayelijua hilo ameshaonyesha, kabla hajagusa nakshi, kama mwanamke huyu yuko kwenye sikukuu au yuko jikoni.

Nguo hizi zina historia ambayo brashi inaweza kuifuta bila kukusudia. Katika karne ya 19 mtumwa wa Unguja alivaa merikani, pamba isiyotiwa rangi iliyoletwa na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, au alivaa kaniki, iliyotiwa nili hadi ikakaribia weusi. Kanga ya rangi na nakshi ilishamiri mwishoni mwa karne hiyo. Inasimuliwa kwamba ilianzia kwenye leso za mkononi zilizonunuliwa sita sita na kushonwa pamoja. Utumwa ulipoondolewa kisheria Unguja mwaka 1897, na pwani ya Kenya mwaka 1907, wanawake wengi waliokuwa watumwa waliachana na kaniki, wakanunua kanga, na baadaye buibui. Mwanahistoria Laura Fair ameieleza safari hiyo kwa kirefu katika kitabu chake Pastimes and Politics. Kanga ilikuwa tangazo la hadhi mpya, na gharama yake aliitoa mvaaji mwenyewe. Kwa hiyo mchoraji anayechora soko la watumwa la miaka ya 1860 na kuwavika waliomo kanga za maua amepata picha ya kupendeza, na amewagawia bure kitu ambacho iliwabidi kukingoja kwa miaka 30 hivi.

Wengi wanaotaka kuchora mavazi ya enzi hizo huanzia kwenye picha na postikadi za Unguja za miaka ya 1900, kama zile za studio ya A. C. Gomes. Kwa mikunjo, mitindo ya ushungi na suruali za marinda, picha hizo ni hazina. Kwa rangi, ni mtego. Sahani za kamera za wakati ule hazikuuhisi wekundu: nyekundu ilitoka nyeusi, na bluu nyepesi ikatoka karibu na nyeupe. Kanga ya kisutu, yenye nyekundu, nyeusi na nyeupe, ilipoteza theluthi ya rangi zake pale pale mbele ya lenzi. Zile postikadi za rangi nazo zilitiwa rangi baadaye, mara nyingi Ulaya, na mafundi ambao kanga walikuwa hawajaitia machoni. Kanga ya bibi ikionekana ya waridi kwenye postikadi, hizo ni habari za fundi, si za bibi.

Waliotangulia katika kazi hii hutufundisha kwa mafanikio yao na kwa upungufu wao. Mwingereza John Frederick Lewis aliishi Cairo tangu 1841 hadi 1851, na picha yake ya rangi za maji, The Hhareem, ilizua gumzo ilipoonyeshwa London mwaka 1850. Hariri, matarizi, kivuli cha mashrabiya juu ya kitambaa: hakuna aliyemfikia. Aliporudi kwao aliendelea kuchora nyumba za Cairo akiwa Walton-on-Thames, na mkewe Marian ndiye aliyemkalia kwa baadhi ya picha. Nguo ni za Misri kwelikweli, lakini aliyezivaa ni Mwingereza, na anakaa kama mtu anayesubiri chai iletwe.

Joy Adamson, ambaye wengi wanamjua kwa ajili ya simba wake Elsa, aliingia kupitia mlango mwingine. Alianza kwa kuchora mimea ya Kenya kwa rangi za maji, kisha mwaka 1949 serikali ya kikoloni ikampa kazi ya kuchora watu wa makabila ya Kenya katika mavazi yao ya jadi. Alichora mamia ya picha, nyingi zikaishia kwenye Makumbusho ya Taifa, na kitabu chake The Peoples of Kenya kikatoka mwaka 1967. Anayetafuta jinsi shanga zilivyopangwa au ngozi ilivyoshonwa hana budi kupita kwake. Lakini jicho lililozoea mimea lilimfuata hadi kwa watu. Mtu yuko peke yake, nyuma yake ni patupu, na kila pambo linaonekana sawasawa kana kwamba kesho kutakuwa na mtihani wa kulitambua. Vazi limehifadhiwa vizuri. Tunachokosa ni jinsi alivyoketi nalo, alivyopika nalo, na alivyolivua.

Irma Stern wa Afrika Kusini, aliyefika Unguja mwaka 1939 na tena 1945, alikwenda kinyume. Alitegemea zaidi rangi za mafuta, na kuhesabu nakshi hakukumshughulisha. Katika picha yake ya msichana wa Kibohora ya mwaka 1945, kitambaa cha kichwani kipo kwa ajili ya kuushika uso, na kinaushika. Ukimweka Stern kando ya Adamson unaona kwamba mmoja alijua vazi limeundwa na nini, na mwingine alijua linamfanyia nini mvaaji. Mchoraji wa leso zetu anahitaji yote mawili, na kwa bahati mbaya karatasi yake ni moja.

Tuchukue kanga moja tuifuate hadi kwenye karatasi hiyo. Kisutu ni kanga ya harusi, nyekundu, nyeusi na nyeupe, ya muundo wa zamani ambao kwa kawaida hauna maandishi. Nakshi yake ndogondogo imejipanga safu kwa safu. Shida ya kwanza ni weupe. Katika rangi za maji weupe haupakwi. Weupe ni karatasi yenyewe iliyoachwa. Mwenye rangi za mafuta akisahau kidoti cheupe atakiongeza jioni. Mwenye rangi za maji hana jioni hiyo, kwani lazima aamue kabla ya tone la kwanza.

Njia ziko kadhaa. Anaweza kukizunguka kila kidoti kwa brashi nyembamba, kazi ya mwenye subira na mgongo mzima. Anaweza kuziba vidoti kwa utomvu wa mpira, kupaka rangi juu yake, kisha kuubandua. Kingo zinazobaki ni kali kama za mashine ya kuchapia, na zinaifaa kanga mpya. Au anaweza kuchora vidoti kwa mshumaa mweupe, kwa kuwa palipo na nta rangi haishiki, jambo ambalo mafundi wa batiki wamelifanyia kazi siku zote. Nta huacha kingo zilizomegeka, na hizo zinaifaa kanga iliyokwisha kufuliwa. Wapo wanaoona ni aibu kumalizia kwa rangi nzito nyeupe. Lewis aliitumia bila haya, na makumbusho hayajamrudishia picha.

Penseli na ianze na mikunjo, si na nakshi. Kisha kivuli: kijivu chenye zambarau kidogo, kwenye mabonde ya mikunjo tu, kiachwe kikauke kabisa. Juu yake nyekundu nyepesi, ambayo kwa kuwa inapitisha mwanga itakionyesha kivuli kilicho chini bila kuchafuka. Ndipo zije safu za nakshi, na hapa ndipo wengi wanapoangukia. Safu inapofika kwenye ukingo wa mkunjo inakatika. Upande wa pili inaanza tena, lakini haianzi ilipoishia, kwa sababu kitambaa kilichojificha ndani kimemeza safu mbili tatu. Mraba unaogeukia pembeni hujibana ukawa ufito, kisha hupotea. Mchoraji anayezivusha safu moja kwa moja juu ya mikunjo yote, zote zimenyooka, zote zimetimia, amechora kanga iliyopigiliwa ukutani, na mwanamke aliyekuwa ndani yake ametoweka. Nyeusi ije mwisho, ichanganywe kwa bluu na kahawia iliyokolea. Ile ya kwenye tyubu, ikitumiwa peke yake, hukaa juu ya karatasi kama shimo.

Wala si lazima nakshi ikamilike kila mahali. Ikichorwa kwa uaminifu karibu na msokoto wa kifuani, na pale mwanga unapokutana na kivuli, sehemu iliyobaki inaweza kuachiwa madoa. Jicho lililolelewa na kisutu nyumbani litamalizia lenyewe. Ila hali ya hewa ya pwani ina neno lake: wakati wa masika karatasi huchelewa kukauka, na mchoraji aliyezoea Nairobi huipaka nyekundu juu ya kivuli ambacho bado kibichi, akapata matope. Tena achague nyekundu yake kwa makini. Ile ya alizarini, inayopendwa kwa uzito wake, hufifia ikikaa kwenye mwanga. Mwenye nayo anaweza kujifariji kwamba kanga nazo huchujuka.

Sasa maandishi. Kwenye kanga iliyofungwa kiunoni jina huangukia nyuma, chini ya kiuno, na msomaji wake ni yule anayefuata: jirani, wifi, mke mwenza. Mchoraji husimama mbele, kwa hiyo hulikosa. Akilitaka sana hulihamishia mbele na kuliandika neno kwa neno, limenyooka kama kibao cha duka. Yote mawili ni uongo, ingawa wa pili una bidii zaidi. Mwilini jina huonekana nusu. Kanga iliyoandikwa "Sina siri nina jibu" ikiingia mkunjo katikati, wapita njia husoma "Sina siri", na jibu hubaki na mwenyewe. Mchoraji aliyeyaacha maneno mawili tu yaonekane, herufi zikipinda na kitambaa, amemwachia mwanamke haki ya kusema na haki ya kunyamaza.

Anayetaka jina lisomeke lote anaweza kuichora kanga bila mvaaji. Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954, akalelewa Uingereza na mama aliyekuwa mbunifu wa vitambaa, na kupata Tuzo ya Turner mwaka 2017, ameifuata njia hiyo kwenye kazi zake za karatasi: pindo, mji na maneno, kanga imesimama kama kanga. Hapo hakuna udanganyifu, kwa kuwa hakuna mwili uliosahauliwa. Udanganyifu huingia pale kanga ya dukani inapobandikwa juu ya mtu.

Buibui nalo lina shida zake, na kubwa kuliko zote ni kwamba huonekana rahisi. Mtu huona jeusi akapaka nyeusi. Juani mabega ya buibui huchukua bluu ya mbingu, sehemu iliyochakaa hutoa kahawia, na pindo la chini hupokea joto la rangi kutoka kwenye ukuta wa mawe ya matumbawe. Umbo pia si moja. Buibui la zamani, pana, liliteremka kutoka kichwani kama uso mmoja wa kitambaa. Abaya iliyotufikia kutoka nchi za Ghuba huteremka kutoka mabegani na ina mikono yake. Kwenye picha za madukani, mavazi hayo mawili huchanganywa, na tokeo lake ni vazi ambalo hakuna fundi wa cherehani angekubali kulishona.

Tumefika kwenye ile migongo. Wanaoisifu huiita fumbo, au staha. Mara nyingi maelezo yake ni mafupi zaidi: mwanamke hakuombwa ruhusa. Amepigwa picha ya simu kwa nyuma, kwa haraka, na picha hiyo ndiyo iliyopelekwa kwenye karatasi. Wanawake wengi wa pwani hawapendi kupigwa picha na mtu wasiyemjua, na wana haki. Lakini mgongo ulioibwa haumfundishi mchoraji kitu. Haonyeshwi msokoto ulipo, haambiwi kanga hii ni ya nani na alipewa lini, wala hajui kama mvaaji anatoka msibani au anakwenda unyagoni. Yote hayo hujulikana kwa kukaa na kuuliza. Asiyetaka uso wake uchorwe anaweza kukubali mikono yake ichorwe, au ushungi wake, au doti iliyoanikwa uani. Akilipwa kwa muda wake, atakaa vizuri zaidi. Mchoraji wa kike mwenye mama, shangazi na somo tayari ana darasa ambalo mwenzake wa kiume hulisikilizia dirishani, na ingefaa tuone kazi zake nyingi zaidi kwenye kuta za maduka ya picha.

Atakuwapo wa kusema kwamba mchoraji si karani wa makumbusho, na kwamba uzuri wa rangi za maji uko katika kuacha mambo yajisemee. Ni kweli. Hakuna sanaa inayoishi kwa kuacha kama hii. Nusu ya picha ni karatasi ambayo haikuguswa. Ila kuacha ni uamuzi, na uamuzi hutaka ujuzi. Aliyekijua kisutu akaacha nusu yake, na asiyekijua akarusha vidoti, picha zao zinaweza kufanana kwa mbali. Zikisogezwa karibu, moja ina mikunjo inayotoka mahali, na nyingine ina mikunjo tu.

Kwa mchoraji anayetaka kujirekebisha, hatua ya kwanza haina gharama: maelezo ya chini ya picha. "Mwanamke wa Kiafrika" ni maelezo yanayomfaa mtu yeyote, kwa hiyo hayamfai yeyote. "Kisutu, kimefungwa kibwebwe" ni maneno matatu, na mchoraji hawezi kuyaandika bila kwanza kujua. Hatua ya pili ni kuwaonyesha picha wanaozivaa nguo hizo kabla ya wanaozinunua. Mama wa pwani akiitazama kanga yako akauliza imeuzwa duka gani, umefaulu. Akikwambia "picha nzuri, mwanangu" kisha akageukia mambo mengine, ujue amekustahi.